Dakika mbili baada ya kuwasha jiko: kujenga mazoea ya kutulia kila siku, kwa mtu wa Kigoma

Kuketi kimya na kuhesabu pumzi hakumshindi mtu. Kinachowashinda watu ni kuketi tena kesho, na keshokutwa, na ile Jumatatu ambayo mtoto alilia usiku kucha na maji ya bomba hayajatoka. Wanaoacha hawaachi kwa sababu zoezi ni gumu. Wanaacha kwa sababu hawakulifunga mahali, nalo likapotea kama mtumbwi ulioachwa ufukoni bila kamba. Kwa hiyo maneno mengi hapa yatakwenda kwenye kigingi, na pumzi zenyewe zitapata machache.

Kwanza jina. Mtandaoni wengi huliita zoezi hili tahajudi. Ukilitaja neno hilo Ujiji, mwenyeji ataelewa sala ya usiku wa manane, na ana haki, maana ndiko neno lilikotoka. Kamusi zina taamuli, ila sokoni Mwanga hakuna anayelisema. Hapa tutasema kutulia tu, na kila mara unapoketi tutaiita kikao. Kutulia huku si sala wala hakuchukui nafasi ya sala. Anayeswali aswali kwanza, mwenye rozari aisali kwanza, kikao kifuate.

KIGINGI

Kigingi ni jambo ambalo tayari unalifanya kila siku bila kukumbushwa, na kikao kinafungwa nyuma yake. Kizuri kina sifa tatu. Kinatokea siku zote saba, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Kina mwisho unaoonekana au kusikika. Na kinapokwisha kinakukuta mahali unapoweza kuketi.

Sifa ya pili ndiyo inayosahaulika. "Baada ya chai" ni kigingi kibovu kwa sababu chai haina mwisho: unakunywa, unaongea, unaongezewa, simu inaita, umeshavaa viatu. "Nikishasuuza kikombe na kukifudikiza" kina mwisho. "Nikiamka" nacho ni kibovu, maana kuamka kuna hatua kumi na hakuna ajuaye ya mwisho ni ipi. "Nikishaweka mswaki kwenye kikombe chake" kinatosha.

Usitumie saa kama kigingi, na kwa Kigoma kuna sababu ya ziada. Saa ya Tanzania nzima imepangwa kwa longitudo ya nyuzi 45 mashariki, na Kigoma iko karibu na nyuzi 30. Jua letu kwa hiyo huwa nyuma ya saa kwa takribani saa nzima, na nyuma ya jua la Dar es Salaam kwa karibu dakika 40. Mtu wa Dar akikushauri uketi saa 12 kamili kunapopambazuka, anakushauri jambo linalomfaa yeye. Kigoma saa 12 asubuhi bado ni giza au weupe wa mbali tu. Jua lenyewe hutoka karibu na saa 1, likitangulia au kuchelewa kidogo kwa msimu. Ukijilazimisha kuketi gizani ukiwa umefumba macho, mwili utaelewa jambo moja tu: kulala. Wiki ya pili utajiita mvivu, kumbe ulichokosea ni longitudo.

Sala ya alfajiri, kwa anayeiswali, ni kigingi bora kuliko vyote kwa sababu inalifuata jua wala haiifuati saa. Inasogea taratibu mwaka mzima nawe unasogea nayo bila kupanga upya chochote. Usiukunje msala, maliza uradi wako, kisha kaa papo hapo ulipo. Ukishaukunja umeshasimama, na aliyesimama ana kazi.

Kwa anayepika asubuhi, jiko la mkaa ni zawadi. Kati ya kuwasha na makaa kukolea kuna dakika 10 hivi, hata 15 mkaa ukiwa na unyevu, ambazo kwa kawaida huishia kwenye simu. Kigingi ni pale kiberiti kinaporudi kwenye kisanduku. Ila jiko liwe uani au barazani, nawe ukae upande upepo unakotoka. Mkaa unaoanza kuwaka hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, na katika chumba kilichofungwa inaua. Kabla ya hapo huleta uzito wa kichwa na usingizi mtamu ambao mtu anaweza kuudhani ni utulivu. Kichwa kikigonga wakati wa kikao karibu na jiko, toka nje mara moja na ulitoe jiko pia.

Dereva wa bodaboda anaweza kuketi juu ya pikipiki kijiweni, mikono mapajani, kabla ya kuvaa kofia ngumu kwa safari ya kwanza. Mwenye duka ana dakika zake kati ya kufungua mlango wa nyuma na kufungua wa mbele; akishafungua wa mbele amekwisha. Mwalimu au mtumishi wa ofisi awahi kidogo na akae kwenye kiti chake kabla ya kuwasha kompyuta.

Wa mwaloni, Kibirizi na Katonga, wana shida ya peke yao na inastahili maelezo. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na mwezi ukiwa mpevu taa hazivuti vizuri, kwa hiyo boti hukaa ufukoni siku kadhaa kila mwezi. Mvuvi aliyeweka kigingi chake kwenye "nikishashusha samaki" anapoteza kigingi kila mbalamwezi, na mazoea yanayokatika kila baada ya wiki tatu hayashiki. Vivyo hivyo mama anayeanika: "nikishamaliza kutandaza dagaa kichanjani" ni kigingi safi chenye mwisho dhahiri, mpaka siku isiyo na dagaa. Mwaka 2024 ziwa lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, hilo halikuwa pengo la siku nne, lilikuwa la miezi mitatu. Suluhisho ni kukifunga kikao kwenye jambo la mwili badala ya jambo la kazi: kunawa uso mara ya kwanza baada ya usingizi mrefu wa siku hiyo, iwe saa 2 asubuhi au saa 8 mchana. Mvuvi ananawa boti ikiwa majini na ikiwa mchangani.

Ukishachagua, andika sentensi moja: "Nikishaweka mswaki kwenye kikombe, nitaketi kwenye kigoda cha uani, pumzi 30." Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer alionyesha katika makala yake ya mwaka 1999 kwamba mpango wa namna hii, unaotaja lini, wapi na vipi, hutekelezwa zaidi kuliko nia tupu ya "nitaanza kutulia". Karatasi yenyewe ibandike pale kigingi kilipo, juu ya ndoo ya maji au nyuma ya mlango wa jikoni. Ukiibandika chumbani kwa urembo haitakusaidia.

KITI NA MAHALI

Usiketi kitandani. Hata ukiwa umekaa wima, mgongo na godoro vinajuana tangu zamani.

Kigoda, benchi, kiti cha plastiki, mkeka: vyote vinafaa, kila kimoja na kasoro yake. Kiti cha plastiki kimeinama nyuma kidogo, kwa hiyo usiegemee. Sogea theluthi ya mbele ya kiti, nyayo zote mbili zigusane na sakafu. Miguu isipofika, weka tofali moja chini yake. Kigoda kifupi cha jikoni hupandisha magoti juu ya kiuno na kuuvunja mgongo. Kifunike kwa kitenge kilichokunjwa mara nne au uchague kirefu zaidi.

Anayependa kukaa chini kwenye mkeka anahitaji kitu cha kuinua makalio, sentimita 10 hadi 15 kikishabonyea. Kipimo ni rahisi: magoti yawe chini ya nyonga. Yakiwa juu, baada ya dakika nne kiuno kitaanza kulalamika na utasema kutulia kunaumiza mgongo. Blanketi lililokunjwa linatosha. Mto mzuri unashonwa kwa kitambaa kigumu na kujazwa makapi ya mpunga kutoka mashineni. Ni mepesi na hushika umbo. Wengine hujaza maharage, na kilo tatu nne za Kasulu hufanya mto thabiti kweli, ila panya nao wanaujua.

Miguu ikiingia ganzi, ni mishipa iliyobanwa nyuma ya paja au chini ya goti. Haina madhara kwa kikao kifupi, lakini usisimame ghafla. Nyoosha mguu, ukandekande, subiri uhisi vidole ndipo uinuke. Magoti yakiuma kwa ndani, acha kukaa chini kabisa na uhamie kwenye kiti. Hakuna tuzo ya mkeka.

Chagua mahali pamoja na usipabadilishe kwa miezi miwili ya kwanza. Nyumba za kupanga zenye ua wa pamoja hazina faragha, na kuisubiri ni kusubiri nyumba ya kwako. Waambie watu wa nyumbani mara moja, kwa maneno ya kawaida: "Mama, nikikaa hapa asubuhi nipe dakika tano, nikiinuka niite." Mtoto mdogo hataelewa, mpe nafasi pembeni yako. Atakaa sekunde 40 kisha ataondoka, na kesho atakaa tena.

Jioni kuna mbu. Kama kigingi chako ni baada ya kufunga geti usiku, vaa mikono mirefu, funika miguu kwa kanga, au weka kiti ndani ya chandarua kikubwa kilichoning'inizwa mbali na kitanda. Kuvumilia kuumwa ili kujizoeza subira ni wazo la watu ambao hawajalazwa kwa malaria.

KIKAO CHENYEWE

Keti. Mikono ilale mapajani. Nyoosha mgongo kama vile kuna uzi unaouvuta utosi juu, kisha legeza mabega na taya. Watu wengi hunyoosha mgongo na kubana meno kwa pamoja. Macho yawe nusu, yakitazama sakafu mita moja hadi moja na nusu mbele yako. Kufumba kabisa kunaruhusiwa, ila asubuhi kunaleta usingizi.

Acha pumzi ijiendee. Tafuta mahali pamoja unapoihisi wazi zaidi, matundu ya pua au tumbo, na ubaki hapo. Kila unapotoa pumzi hesabu kimoyomoyo: moja, mbili, hadi kumi. Ukifika kumi rudi moja. Ukipotea, rudi moja. Ukijikuta kwenye 14 au 17, ulihesabu ukiwa umelala macho wazi. Rudi moja bila kujisema vibaya.

Zoezi ndilo hilo lote. Lakini sehemu inayofanya kazi si hesabu, ni ule wakati unaposhtuka kwamba ulikuwa unafikiria kodi ya nyumba. Kushtuka huko na kurudi ndiko kunakozoezwa. Mtu aliyepotea mara ishirini na kurudi mara ishirini amefanya kazi kubwa kuliko aliyekaa katika usingizi mtamu. Kwa hiyo swali la "leo nimetulia?" halina maana mwisho wa kikao. Swali ni moja: nimeketi?

Kosa la kawaida la wiki ya kwanza ni kuiendesha pumzi, kuivuta ndefu na kuishikilia. Ukivuta pumzi kubwa na kwa haraka mfululizo, unatoa kaboni dioksidi nyingi kuliko kawaida, na matokeo yake ni kizunguzungu na vidole kuwasha. Ukiona hivyo acha kuhesabu, tazama kitu kilicho mbali, subiri dakika moja. Kesho hesabu kama mtu anayehesabu mitumbwi inayopita: huisukumi.

Kelele si kizuizi. Jogoo, adhana, bodaboda inayogoma kuwaka, redio ya jirani: zisikie, zipite, rudi kwenye namba. Kinachovuruga kweli ni maneno, hasa mazungumzo ya watu unaowajua, kwa hiyo kama una chaguo kati ya upande wa barabara na upande wa jikoni la pamoja, chagua barabara.

KUPIMA MUDA

Simu ndiyo chanzo cha kwanza cha kuharibika. Unaichukua ili kuweka dakika mbili, unakuta ujumbe sita, na kikao kimekufa kabla ya kuzaliwa. Mwenye kitochi ana bahati. Akiweke kengele na kukilaza sakafuni mita mbili mbali naye. Mwenye simu kubwa azime data usiku kabla ya kulala, si asubuhi.

Njia bora haihitaji simu. Siku moja tu, chukua saa na uhesabu pumzi zako kwa dakika moja ukiwa umeketi. Mtu mzima aliyepumzika hupumua kati ya mara 12 na 20 kwa dakika. Ukipata 15, basi pumzi 30, yaani duru tatu za kumi, ni dakika zako mbili. Ukipata 12, ni 24. Andika namba hiyo kwenye karatasi yako ya ukutani.

Vikao vikirefuka, tumia kete za bao. Weka kete 12 upande wa kulia wa goti. Kila unapomaliza pumzi kumi hamisha moja kwenda kushoto. Kete 12 ni pumzi 120, kati ya dakika 6 na 10 kwa watu wengi. Punje za mahindi zinafaa pia, ila ni ndogo na huteleza. Faida ya kete inaonekana kuanzia Novemba hadi Aprili: mvua ikipiga bati hutasikia kengele yoyote, na utaanza kufumbua jicho kila nusu dakika kuangalia simu. Kete haziulizi mvua. Mwenye tasbihi anaweza kuitumia vilevile kwa kuhesabia, kama moyo wake unaridhia kuitumia nje ya dhikri. Wengine hawaridhii, na kete zipo.

WIKI KWA WIKI

Wiki mbili za kwanza: dakika mbili, hata kama unajisikia kuendelea. Hasa kama unajisikia kuendelea. Anayekaa dakika 20 siku ya tatu kwa furaha, siku ya nne anakumbuka zile dakika 20 na kusema leo sina muda. Ondoka ukiwa na hamu.

Wiki ya tatu na ya nne: dakika tano. Baadaye ongeza dakika moja kila wiki mpaka kumi, kwa sharti moja: usiongeze chochote kama wiki mbili zilizopita hukuketi angalau siku sita kati ya saba katika kila moja. Ukipungukiwa, baki pale pale. Ukipungukiwa tena, punguza. Dakika 10 za kila siku zinatosha kwa mtu mwenye kazi na familia. Kozi maarufu aliyoianzisha Jon Kabat-Zinn mwaka 1979 huko Massachusetts, Marekani, hutumia karibu dakika 45 kwa siku kwa wiki nane, lakini ile ni kozi yenye mwalimu na kundi, na hata hivyo inaisha.

Weka pia kiwango cha chini kabisa: pumzi tatu. Homa, wageni, umechelewa, mvua imeingia ndani: keti mahali pako, pumzi tatu, inuka. Inahesabika kamili. Wengi hukiona kiwango hiki kama utani, na ndicho kinachookoa mazoea, kwa sababu kinachohifadhiwa si dakika bali ile njia kutoka kwenye mswaki hadi kwenye kigoda.

Itachukua siku ngapi mpaka uketi bila kujisukuma? Utasikia 21. Namba hiyo hufuatiliwa hadi kwa daktari wa upasuaji wa Marekani, Maxwell Maltz, aliyeandika mwaka 1960 kwamba wagonjwa wake walichukua angalau siku 21 kuzoea sura zao mpya. Neno "angalau" lilidondoka njiani, na pua mpya zikasahaulika. Utafiti wa Lally na wenzake wa University College London, uliochapishwa mwaka 2010, ulifuatilia watu 96 kwa wiki 12, kila mmoja akijaribu kuzoea jambo moja dogo la kula, kunywa au mazoezi. Wastani ulikuwa siku 66, lakini kutoka mtu hadi mtu ilikuwa kati ya 18 na makadirio ya 254. Na kukosa siku moja hakukuharibu kitu cha maana. Haukuwa utafiti wa kutulia, ila unatosha kumtuliza aliyefika siku ya 30 na bado anajisukuma.

Kwa kumbukumbu tumia kalenda ya ukutani, ile ya bure ya mwisho wa mwaka, na kalamu iliyofungwa kwa uzi msumarini. Alama moja kila kikao, ukishainuka tu. Tunapendelea kuhesabu jumla kuliko mfululizo. Anayehesabu mfululizo akikosa siku ya 41 anarudi sifuri, na sifuri inauma kiasi kwamba wengi hawaanzi tena. Anayehesabu jumla bado ana 40 zake, na kesho ni 41.

YANAYOHARIBIKA, NA KWA NINI

Kati ya siku ya 10 na ya 20 hivi huja uchovu wa namna yake. Upya umeisha, faida haijaonekana, pumzi ni ile ile. Hapo watu hubadilisha njia: wanapakua programu, wanatafuta muziki wa maji, wanahamia kwenye mishumaa. Kila badiliko linang'oa kigingi. Usibadilishe chochote mpaka siku ya 30. Ukishindwa kabisa kuvumilia, badilisha namba: hesabu kutoka kumi kurudi moja.

Usingizi kila kikao una maana kwamba hulali vya kutosha, na kikao hakiwezi kulipa deni hilo. Fumbua macho zaidi, au simama. Mwezi wa Ramadhani, baada ya daku na alfajiri, tumbo limejaa na macho ni mazito. Kwa mwezi huo geuza kikao kuwa cha kutembea. Chagua hatua 12 uani au ufukoni, tembea polepole ukihesabu hatua badala ya pumzi, fika, simama pumzi moja, geuka. Mara kumi kwenda na kurudi zinatosha. Kutembea huku kunawafaa pia wenye kiuno kibovu na vijana wasioweza kukaa.

Kuna wanaosema wanapoketi ndipo mawazo yanapozidi. Hayajazidi, ni kama kuzima redio na kusikia bomba linalovuja. Likiwa ni wazo la kazi unayoogopa kusahau, weka karatasi pembeni, andika neno moja, rudi.

Kuna hali ambayo si ya kuvumilia. Waliopitia vita, kukimbia nchi au kupigwa, nao ni wengi katika mkoa huu wenye kambi za wakimbizi kama Nyarugusu, wakifumba macho kimya wanaweza kurudishwa kwenye picha wasizozitaka: moyo unakwenda mbio, jasho, mwili unakakamaa. Asiambiwe ajikaze. Afumbue macho, akanyage chini kwa nguvu, ataje vitu vitano anavyoviona, na siku zinazofuata atumie kutembea tu, tena pamoja na mtu. Ikijirudia, au kama mtu anasikia sauti, halali siku kadhaa au anawaza kujidhuru, hilo ni la hospitali, Maweni au kituo cha afya kilicho karibu, na vikao visimame kwanza. Wenye presha na wanaotumia dawa za akili waendelee na dawa zao kama walivyoandikiwa. Kutulia hakufuti kidonge.

SAFARI NA MSIBA

Mambo haya mawili huvunja mazoea ya watu wazima kuliko uvivu. Basi linaondoka alfajiri, mswaki umepigwa kwa haraka gizani, kigoda kimebaki nyumbani. Andaa kigingi cha safari kabla hujakihitaji: "gari likishatoka stendi". Kwenye treni ya kwenda Tabora na Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 1,200 mpaka mwisho wa reli, muda si tatizo. "Treni ikishaacha stesheni ya Kigoma" ni kigingi unachokisikia hadi mifupani. Mgongo usiegemee kwa pumzi 30, basi.

Msibani usitafute kikao kamili. Utalala kwa watu, utaamka na kazi za watu, na hakuna atakayekuelewa ukijitenga kona ukitazama sakafu, au watakuelewa vibaya. Pumzi tatu ukiwa unanawa uso asubuhi, basi. Wala usimweleze mtu. Kinachohitaji mpango ni siku ya kurudi. Matanga yakishaanuliwa, mwili umechoka na nyumba ina fujo, na hapo ndipo siku nne za msiba hugeuka miezi minne. Kabla hujaondoka kwenda msibani weka kigoda mahali pake na kalamu ining'inie kwenye kalenda, au mtume aliyebaki nyumbani afanye hivyo. Asubuhi ya kwanza nyumbani ni mswaki, kigoda, dakika mbili. Hata kama ulikuwa umefika dakika kumi, wiki hiyo nzima ni mbili, na kumi utazirudia kwa sharti lile lile la siku sita kati ya saba. Nafasi tupu kwenye kalenda ziache tupu. Usizijaze kwa vikao viwili viwili vya kulipa.